Mihuri Kumi na Mmoja ya Wanja

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo na kupangusa meza, Wanja aliingia chumbani, akarudisha mlango nusu na kutoa daftari lake la miraba. Nasema nusu kwa sababu mama yake hakupenda mlango ufungwe kabisa, na Wanja naye hakupenda uwe wazi kabisa. Mtoto mwenye jambo la kuficha huupenda sana mlango wa namna hiyo.

Waliishi wawili tu, yeye na mama yake, katika ghorofa ya tatu ya nyumba moja ya kupanga mjini Ruiru. Wanja alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, yuko Gredi ya Saba, na kwa miezi mitatu alikuwa akijifunza Kichina. Kichina chenyewe si mchezo. Kila herufi ni mistari inayopandana na kukatana. Nyingine ina mistari minne, nyingine kumi na zaidi, na kila mstari una zamu yake ya kuandikwa: huu kwanza, ule baadaye. Ukisahau mstari mmoja, umeandika kitu kingine au hujaandika kitu.

Mwalimu wao aliitwa Mwongeli. Alikuwa amesoma China miaka mitano, akarudi nyumbani, na sasa aliwafundisha watoto saba kila Jumamosi katika chumba cha maktaba ndogo pale Kahawa Sukari. Sheria yake ilikuwa moja. Kila wiki mwanafunzi alipaswa kuandika kurasa nne, kila herufi mara kumi. Mwalimu akiridhika na kazi ya wiki, alipiga muhuri mmoja mwekundu pembeni. Asiporidhika hakupiga, na hakuwa wa kubembelezwa.

Wiki mbili za kwanza Wanja aliandika kwa jasho lake mwenyewe. Herufi zake zililala, ziligongana, zilitoka nje ya miraba. Hakupata muhuri. Wiki ya tatu akakumbuka jinsi walivyonakili ramani ya Kenya shuleni. Unaweka karatasi nyembamba juu ya ramani, unaifuatisha kwa penseli, unapaka penseli upande wa nyuma, kisha unaihamishia kwenye daftari. Mama yake alifanya kazi katika kiwanda cha biskuti kule Eneo la Viwanda, Thika, na wafanyakazi waliruhusiwa kubeba karatasi za kuokea zilizokatwa vibaya. Kabati lilijaa karatasi hizo. Wanja alichukua moja, akaitandaza juu ya kitabu cha Kichina, na kila mstari ukaonekana vizuri.

Jumamosi hiyo alipata muhuri wake wa kwanza.

"Umeona?" Mwalimu Mwongeli alimwambia. "Ukijitahidi unaweza."

Wanja alitabasamu. Moyoni alijiambia kwamba ni mara moja tu, wiki ijayo ataandika mwenyewe. Wiki ijayo ikafika, naye akaichukua karatasi nyingine. Basi ikawa hivyo, wiki baada ya wiki, mpaka akawa na mihuri kumi na mmoja, mingi kuliko ya mwanafunzi yeyote.

Jioni moja ya Jumatano mama yake alirudi kutoka kazini, koti lake jeupe likiwa kwenye mfuko, akasimama mlangoni. Mama Wanja, ambaye kiwandani walimwita Idah, alikuwa mkaguzi. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya pakiti zinazopita na kuondoa zenye kasoro.

"Hebu nione," alisema, akalichukua daftari kabla Wanja hajasema lolote. "Haiya. Hii yote ni wewe umeandika?"

"Ni mimi, Mum."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

Mama alitoa simu akapiga picha kurasa mbili. "Kesho nitamwonyesha Gathoni kazini. Amezidi kutuambia vile mtoto wake anacheza piano. Sasa aone na wangu."

Wanja alifurahi, na wakati huohuo akaogopa. Hakujua kwamba mtu anaweza kufurahi na kuogopa kwa pamoja, lakini jioni hiyo alijua.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu Mwongeli aliingia na karatasi mkononi na hakuanza na salamu za Kichina kama kawaida yake.

"Mnajua mtihani wetu ni mwezi wa Julai," alisema. "Mnajua pia kwamba atakayepita anapata nafasi kwenye kambi ya likizo kwenye chuo kikuu hapa jirani, wiki mbili mwezi wa Agosti, pamoja na wanafunzi kutoka China. Sasa sikilizeni. Mtihani umefanyiwa marekebisho."

Kambi hiyo ndiyo iliyowatoa kitandani kila Jumamosi. Wanja alikuwa ameona picha za kambi ya mwaka uliopita zikiwa zimebandikwa ukutani, watoto wakikunja maandazi ya mvuke na kuzungumza Kichina na wageni, na tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine.

"Zamani mlikuwa mnasikiliza, mnasoma, halafu mnatia alama kwenye jibu," Mwalimu aliendelea. "Mtu angeweza hata kubahatisha. Sasa maneno yameongezwa, na kuna sehemu ya kuandika kwa mkono bila kitabu, na sehemu ya kuzungumza mbele ya mtahini. Kituo cha mtihani kimetupa nafasi sita. Nyinyi ni saba. Nitafuata mihuri, kwa sababu mihuri inanionyesha nani anaweza kuandika. Orodha naipeleka Jumamosi ijayo."

Hakutaja jina, lakini kila mtu aligeuka kumtazama Bhavik. Bhavik alikuwa mvulana wa miaka kumi na miwili kutoka Thika, ambako nyanya yake, Shakuntala, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa na mihuri tisa. Wengine wote walikuwa na kumi au zaidi. Daftari lake lilijaa herufi zilizofutwa na kurudiwa, nyingine zimefutwa mpaka karatasi imetoboka.

"Sawa, Mwalimu," Bhavik alisema. "Nitafanya mtihani wa Novemba."

Walipokuwa wakikusanya vitabu vyao, Bhavik aliinama juu ya daftari la Wanja. "Manze, herufi zako za 'chai' zote zinafanana. Ya kwanza na ya kumi, hakuna tofauti. Mimi hata jina langu siandiki hivyo mara mbili."

"Mkono umezoea," Wanja alijibu haraka na kulifunga daftari.

"Basi ukienda kambi unisalimie Wachina. Uwaambie niko njiani."

Alicheka, na hakuwa na kinyongo chochote. Wanja angependelea awe na kinyongo. Njia nzima ya kurudi Ruiru alijiambia kwamba nafasi ni yake, kwamba ameifanyia kazi, kwamba kufuatisha nako ni kazi. Hakuyaamini maneno yake hata kidogo.

Jumapili, baada ya kanisa na chakula cha mchana, mama aliikuta karatasi ya mfano wa mtihani ambayo Mwalimu alikuwa amewapa. Alimkalisha Wanja mezani, akaweka saa ya simu, akachukua kitabu cha Kichina na kukikalia kabisa.

"Dakika thelathini," alisema. "Nataka nione vile utakuwa siku yenyewe."

Maneno yalikuwa ishirini, yameandikwa kwa Kiswahili, na mbele ya kila neno mraba mtupu. Wanja aliandika "moja" na "mbili", ambazo ni mistari mitupu na hata mtoto wa chekechea angeziweza. Akaandika "mtu". Akaandika "kubwa". Kisha akafika kwenye "chai", herufi aliyoihamisha kwenye daftari lake labda mara mia, na mkono ukasimama. Aliiona kichwani, lakini aliiona kwa mbali, bila kujua mstari upi unaanza. Akajaribu "nyumba". Akajaribu "rafiki". Alipoandika mistari mitatu, wa nne haukuja.

Simu ililia. Mama alihesabu kwa kidole.

"Nne? Wanja, unaumwa?"

"Hapana, Mum."

"Basi umeshtuka. Tutangoja kidogo turudie."

"Hata tukirudia sitaweza," Wanja alisema. Alikwenda kabatini, akatoa karatasi ya kuokea yenye alama za penseli pande zote mbili, akaiweka mezani. Akamweleza mama kila kitu, tangu ramani ya Kenya mpaka mihuri kumi na mmoja. Akamweleza pia habari ya nafasi sita na Bhavik, mtoto wa saba.

Mama aliishika ile karatasi na kuitazama pande zote mbili. Aliinuka, akakitoa kitabu kitini na kukiweka juu ya meza.

"Nimeonyesha kiwanda kizima hizo picha," alisema. "Nimeona aibu, siwezi kukuficha. Lakini hiyo ni aibu yangu, nitaimaliza mwenyewe na Gathoni. Wewe unataka kufanya nini?"

"Zimebaki wiki tano mtihani ufike. Naweza kujifunza haraka. Naweza kuamka mapema. Hakuna mtu atajua."

"Na Bhavik?"

Wanja aliinama akaanza kukunja pembe ya karatasi.

"Unajua kazi yangu," mama alisema. "Pakiti ikinipita nikiwa naongea, nikaiacha iende bila kuitazama, kuna mtu ataifungua mbali huko akute biskuti zimekuwa unga mtupu. Mimi hatanijua. Atamgombeza mwenye duka, na mwenye duka hajafanya kosa lolote. Ndiyo maana sipitishi pakiti ambayo sijaiona. Sasa, mimi sitampigia mwalimu wako simu. Mdomo ni wako, na miguu ya kukupeleka huko unayo."

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Wanja aliandika kila jioni bila karatasi ya kuokea, na mlango akauacha wazi. Herufi zililala na kugongana kama za wiki ya kwanza. Kufikia Ijumaa aliweza herufi tisa tu, na za mtihani zilizidi mia. Alihesabu na kuona kwamba kwa mwendo huo hatafika hata nusu, na kwamba hata kama angefika, nafasi bado ingekuwa ya mtu mwingine. Alilia kidogo, akanawa uso, akalala.

Jumamosi alifika maktaba kabla ya wenzake. Mwalimu Mwongeli alikuwa akifuta ubao.

"Mwalimu, usiandike jina langu kwenye orodha," Wanja alisema. Alisema hivyo kwanza kwa sababu aliogopa kwamba akianza na maelezo atabadili nia njiani.

"Kwa nini?"

Wanja alitoa karatasi ya kuokea na penseli, akaonyesha jinsi alivyofanya, pale pale mezani, mpaka herufi ya "chai" ikatokea safi kwenye mraba. Mwalimu alitazama mpaka mwisho. Kisha akalifungua daftari la Wanja na kupitia kurasa zake, moja baada ya nyingine.

"Na mimi nina kosa," alisema hatimaye. "Niliona herufi ya kumi iko sawasawa na ya kwanza, na mkono wa binadamu haufanyi hivyo. Nikafurahi badala ya kukuuliza. Lakini kosa langu halifuti lako."

Alichukua rula na kalamu nyeusi, akapiga mstari juu ya muhuri wa kwanza, akafunua, akapiga juu ya wa pili. Alifanya hivyo mpaka wa kumi na mmoja. Wanja alisimama akitazama yote, na ilikuwa chungu kuliko alivyodhani. Ajabu ni kwamba hofu aliyokuwa nayo tangu Jumatano ile ilianza kupungua.

"Kambi ya Agosti hutaiona," Mwalimu alisema. "Kuna mtihani Novemba na kambi Desemba. Unaanza na sufuri. Unataka kuendelea?"

"Nataka."

"Na Bhavik nitamwambia mimi au wewe?"

"Nitamwambia mimi."

Alimwambia nje, karibu na bomba la maji. Bhavik alisikiliza mpaka mwisho, masikio yakimwiva kwa hasira.

"Kwa hivyo wiki zote hizo nikiteseka na hiyo 'chai', wewe ulikuwa unachora ramani?"

"Ndiyo. Nisamehe, Bhavik."

Bhavik aligeuka akaingia darasani. Somo zima hakumtazama, hata Mwalimu alipotangaza kwamba jina lake limeingia kwenye orodha. Wanja hakumlaumu. Mtu aliyekosewa ana haki ya kukasirika muda wake.

Walipokuwa wakitoka, Bhavik alimngoja mlangoni.

"Mama yako huwa kazini Thika Jumamosi?"

"Anatoka saa nane."

"Basi mwambie mkutane dukani kwetu. Kuna kitu nafanyanga cha kukumbuka herufi. Ni rahisi, lakini utachoka magoti."

Nyuma ya duka la nyanya yake palikuwa na ua wa saruji ambapo lori hushusha simenti na mabati. Bhavik alitoa brashi mbili za rangi, zile pana, na mkebe wa maji. Alichovya brashi, akainama, akaandika "chai" kwa maji juu ya saruji, kubwa kama mlango. Jua la Thika halikuchelewa. Kabla hajaandika ya pili, ya kwanza ilikuwa imekauka na kupotea.

"Hakuna ya kutazama," alisema. "Lazima itoke kichwani kila mara."

Wanja alichovya brashi. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akakwama. Bhavik akaandika, Wanja akarudia, ikakauka, wakaanza tena.

Shakuntala alitoka kuwatazama. Alikuwa mama mzee mnene mwenye miwani, na wateja wote, Wakikuyu kwa Wahindi, walimwita Shosho, yaani nyanya. Kichina hakukijua hata neno, lakini hilo halikumzuia kusahihisha.

"Hii ni nini?" aliuliza, akimwonyesha Wanja herufi moja kwa kidole cha mguu.

"Ni 'nyumba', Shosho."

"Nyumba gani, paa iko upande moja? Mvua itaingia yote. Mimi nauza mabati miaka arobaini, hii siwezi pitisha. Andika ingine."

Wanja akaandika nyingine. Shosho akainamisha kichwa, akaikagua, akasema ukuta umepinda. Ya saba ndiyo iliyompendeza, na hapo akawaletea chai na kripsi za ndizi. Wanja alicheka siku hiyo mpaka akasahau kwamba hana hata muhuri mmoja.

Tangu hapo kila Jumamosi, darasa likiisha, walikwenda Thika na kuandika kwa maji mpaka Mama Wanja atoke kazini. Wiki ya tatu Mwalimu Mwongeli alilitazama daftari jipya la Wanja, lenye herufi zisizofanana, kubwa kwa ndogo, nyingine zimekatwa na kuandikwa upya. Akapiga muhuri mmoja. Wanja aliutazama njia nzima ya kurudi nyumbani.

Julai Bhavik alifanya mtihani na kupita. Agosti alikwenda kambini, na kila jioni alimtumia Wanja picha kwenye simu ya mama. Zilimuuma, nisidanganye. Alizitazama zote, kisha akarudi kwenye miraba yake.

Novemba ilipofika, Wanja aliketi mbele ya karatasi halisi. Kati ya maneno ya kuandika alisahau mawili, akayaacha wazi, akaendelea na mengine. Mbele ya mtahini alijikwaa kidogo, akajisahihisha mwenyewe. Matokeo yalipotoka, sehemu ya kuandika hakupata alama za juu sana, lakini alikuwa amepita. Mama yake aliyasoma mara mbili jikoni, akamkumbatia kwa nguvu.

"Hii nayo nitapiga picha," alisema. "Na Gathoni nitamweleza yote, tangu mwanzo."

Jumamosi ya mwisho kabla ya kambi ya Desemba, walikuja wanafunzi wapya watano. Mwalimu Mwongeli alilichukua daftari la Wanja lenye makosa yaliyokatwa, akalipitisha wote walione.

"Hivi ndivyo daftari linavyotakiwa kuwa," aliwaambia.

Wanja aliinua mkono. "Mwalimu, naomba niwaonyeshe na lile lingine."

Mwalimu alimtazama, akatikisa kichwa kukubali. Wanja alilitoa daftari la kwanza mkobani, akasimama mbele ya wale wapya na kulifungua. Kurasa zilikuwa safi, herufi zimenyooka, na pembeni mihuri kumi na mmoja imepigwa mistari. Msichana mdogo wa mbele alisema kwamba hilo ndilo zuri zaidi.

"Hata mimi nilidhani hivyo," Wanja alisema. "Sikuwa najua hata herufi moja humo ndani." Akawaeleza kila kitu, na hakuacha habari ya Bhavik, ambaye alikuwa ameketi nyuma akitazama dirishani.

Alipomaliza, Mwalimu Mwongeli aliyaweka madaftari yote mawili juu ya meza, bega kwa bega.

"Watoto, muhuri ninaoupiga unasema tu kwamba nimeona kazi yako," alisema. "Unaweza kunidanganya mimi nikaupiga. Lakini siku ya mtihani mimi sitakuwepo, kitabu hakitakuwepo, na utabaki na kile ulichojifunza kweli. Na ukichukua nafasi kwa kazi isiyo yako, jua kuna mtoto mwingine uliyemnyima. Kwa hivyo kosea, futa, rudia, mradi iwe ni kazi yako. Mkikwama, njooni mniambie. Wanja alikuja akaniambia, na ndiyo sababu Jumatatu anakwenda kambi."

Kisha aliwagawia wapya madaftari ya miraba, na Wanja akakaa karibu na yule msichana mdogo kumwonyesha mstari wa kuanza.